Upinde na Mishale ya Wayanomami: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza, Kuanzia Bua Hadi Upote

Wayanomami wanaishi kwenye misitu ya mpaka wa Brazili na Venezuela, kule vinakoanzia vijito vya mto Orinoko na vile vinavyoteremka kuingia Rio Negro. Upande wa Brazili peke yake ardhi yao ina hekta milioni 9.6 hivi, na ilithibitishwa rasmi mwaka 1992. Siku hizi bunduki imefika kwao, panga na visu vya chuma vimefika zamani zaidi, lakini upinde na mishale yao ni ufundi uliokamilika, na mtu mwenye subira anaweza kuujifunza hatua kwa hatua.

Kitu cha kwanza cha kuelewa ni podo lao. Msomaji aliyezoea kuona mishale ya Wahadzabe, yenye urefu wa kama mita moja, atashangaa: podo la Myanomami halibebi mshale hata mmoja. Ni kipande cha mwanzi chenye urefu wa sentimita 40 hivi, kinaning'inia mgongoni, na ndani yake mna vigumba tu, yaani vichwa vya mishale. Mishale yenyewe ni mirefu kukaribia mita mbili, haiwezi kuingia kwenye podo lolote, kwa hiyo mwindaji hushika miwili au mitatu mkononi pamoja na upinde. Akikutana na nguruwe mwitu, anachomeka kigumba kipana. Akisikia nyani juu ya mti, anachomoa kile, anachomeka chembamba. Mshale ni mpini, na kigumba ndicho kinachobadilishwa.

Kwa sababu hiyo, tengeneza mishale kwanza, upinde baadaye. Wengi huanza na upinde kwa sababu ndio unaovutia macho, kisha wanabaki na upinde mkali ambao kila bua linapinda na kuyumba mbele yake. Upinde ukizidi nguvu unaweza kuukwangua ukapungua, lakini bua jembamba huliongezi unene.

Bua

Wayanomami hupanda bua la mishale mashambani mwao, pembeni ya migomba na mihogo. Mmea wenyewe ni Gynerium sagittatum, jamaa wa matete na miwa, na kinachotumika ni lile bua linalobeba ua. Bua hilo lina faida mbili ambazo tete la kawaida halina: halina vifundo, na ndani limejaa moyo mwororo kama sponji. Kukosa vifundo kunalifanya lipinde sawasawa urefu wake wote, na moyo mwororo unapokea kigumba bila kutobolewa kwa chombo chochote.

Aliye Afrika Mashariki atapata kitu cha karibu sana kwenye mashamba ya miwa: bua la ua la muwa, lile linalochomoza juu muwa ukishatoa ua. Nalo halina vifundo na lina moyo mwororo, ila ni fupi zaidi. Mshale wa mita 1.2 hadi 1.4 utakutosha kujifunzia. Chaguo la pili ni matete ya kando ya mto. Haya yana vifundo na yako wazi ndani, kwa hiyo kila kifundo kisuguliwe taratibu kwa msasa hadi kilingane na sehemu nyingine, na mbele utahitaji kuingiza kijiti kigumu cha kushikia kigumba.

Kata bua ua lilipokwisha kukauka na rangi ya bua imegeuka kutoka kijani kuwa manjano. Bua la kijani lina maji mengi, na likikauka ngozi yake inajikunja kwa makunyanzi ambayo hakuna moto utakaoyanyoosha. Chagua yenye unene wa milimita 10 hadi 12 upande wa chini, na yakate marefu kuliko unavyohitaji kwa sentimita 20, maana ncha mbili hupasuka wakati wa kukauka. Kata angalau 10 ili upate 4 nzuri. Yafunge pamoja kwa kamba sehemu tatu au nne, uyalaze juu ya boriti mahali moshi wa jikoni unapopita, wiki tatu hadi nne. Moshi unakausha polepole na unafukuza dumuzi.

Kunyoosha hufanywa kwa moto wa makaa yasiyo na mwali. Pitisha sehemu iliyopinda juu ya makaa, umbali wa kiganja, ukizungusha bila kusimama, hadi vidole vyako viione ya moto lakini vivumilie. Iondoe, ipinde kinyume kidogo kupita mstari, ishikilie hivyo hadi ipoe. Ukiona ngozi inaanza kuwa kahawia, umechelewa: hapo bua limeungua na ndipo litakapovunjikia. Anza na mapindo makubwa, malizia na madogo. Kisha funga jicho moja, tazama kutoka nyuma hadi mbele kama fundi seremala anavyotazama ubao.

Upande mnene uwe mbele. Uzito ukikaa mbele mshale unasafiri kwa utulivu, na kigumba kinapata nyama ya kutosha ya kushikiliwa.

Tako la mshale

Bua ni laini mno kupokea upote, yaani kamba ya upinde, moja kwa moja. Upote ungelipasua kwa mpigo wa kwanza. Kwa hiyo nyuma huchomekwa kipande kidogo cha mti mgumu chenye mkato wa kupokelea upote. Wayanomami hukichonga kwa jino la mbele la aguti, mnyama wa jamii ya panya anayelingana na sungura, ambalo hufungwa kwenye kijiti na kuwa patasi ndogo kali.

Chonga kijiti cha sentimita 5. Sentimita 3 ziwe nyembamba za kuingia ndani ya bua, na sentimita 2 zilizobaki zilingane na unene wa bua kwa nje. Mkato uwe na kina cha milimita 6 hadi 7 na upana unaozidi upote kwa kitambo kidogo tu, ili mshale ukae juu ya upote wenyewe bila kubanwa. Lainisha ndani ya mkato kwa uzi wenye mchanga laini. Ukiacha kona kali, itakula upote uzi mmoja baada ya mwingine, na upote utakatika siku usiyoitarajia.

Kabla ya kukichomeka, zongea uzi wa pamba uliopakwa nta kwenye mdomo wa bua, sentimita 2 hadi 3, mizunguko ikigusana bila nafasi. Usipozongea kwanza, kijiti kitalipasua bua wakati unakisukuma. Tia gundi, sukuma, futa inayotoka.

Gundi yenyewe hutoka kwenye utomvu wa miti. Amazoni hutumika sana utomvu wa manjano wa Symphonia globulifera, uliochemshwa na nta na masizi hadi ukawa mweusi. Mti huohuo unaota pia kwenye misitu ya Usambara. Kwa utomvu wowote mgumu unaopatikana, tumia vipimo hivi: sehemu tatu za utomvu, moja ya nta ya nyuki, na nusu ya unga laini wa mkaa. Yeyusha kwa moto mdogo kabisa. Ikitokota inapoteza mafuta yake na ikipoa inakuwa kama kioo, inabanduka kwa pigo la kwanza.

Manyoya

Mshale wa Kiyanomami una manyoya mawili tu. Hutolewa kwenye bawa la kurasao, ndege mweusi wa msituni anayekaribia ukubwa wa bata mzinga. Wewe tumia bata mzinga, bata bukini au kanga wa kufugwa. Yote mawili yatoke bawa la upande mmoja. Unyoya wa bawa la kulia una mkunjo wake, wa kushoto una mkunjo wa kinyume. Ukichanganya, mmoja unazungusha mshale huku mwingine unauzuia, na mshale unakwenda ukitikisa mkia kama samaki.

Pasua mhimili wa unyoya katikati kwa wembe, ondoa nyama ya ndani hadi ubaki utepe mwembamba unaopinda bila kuvunjika. Urefu wa sentimita 14 hadi 16 unatosha, na kimo cha unyoya kisizidi sentimita 1.5. Acha sentimita 1 ya mhimili mtupu kila upande kwa ajili ya kufungia. Weka unyoya wa kwanza sentimita 4 kutoka kwenye tako, wa pili mkabala wake, kila mmoja ukiegemea kidogo upande uleule: ncha ya mbele ihame milimita 3 kutoka kwenye mstari wa ncha ya nyuma. Huko kuegemea ndiko kunakoufanya mshale uzunguke ukiwa hewani.

Funga mbele kwanza. Halafu peleka uzi nyuma kwa mizunguko ya umbali wa sentimita 1, ukiupenyeza katikati ya nyuzi za unyoya kwa ncha ya sindano ili usizilaze. Ni kazi ya taratibu, na mara ya kwanza unyoya mmoja unaweza kukuchukua nusu saa. Ukimaliza, pitisha gundi nyembamba juu ya uzi, si juu ya unyoya.

Vigumba

Mbele ya bua zongea uzi tena, safari hii sentimita 6 hadi 8, kwa sababu hapo ndipo pigo lote linapofikia. Mshale unaopasuka kutoka mbele kwenda nyuma karibu kila mara ulizongewa kwa haraka au kwa uzi uliolegea. Ukisukuma kigumba kwa mkono, uusikie moyo wa bua ukilia kidogo na kukaza. Kikiingia kimya, kimelegea.

Kigumba cha kwanza ni kile kipana cha mwanzi, ambacho Wayanomami hukiita rahaka. Hiki ni cha wanyama wakubwa: tapiri (mnyama mnene mwenye pua ndefu kiasi), pekari (nguruwe mwitu wa Amerika) na kulungu. Kinaua kwa kukata na kumwaga damu, kama mkuki. Chukua mwanzi uliokomaa, wenye miaka mitatu au zaidi, kuta zake zikiwa na unene wa milimita 6 angalau. Pasua kipande cha sentimita 35 kwa upana wa sentimita 4, kisicho na kifundo sehemu ya ubapa. Chora umbo la jani refu: ncha kali, upana mkubwa wa sentimita 3.5 kwenye theluthi ya mbele, kisha kupungua polepole hadi mkia wa milimita 7 unaoingia ndani ya bua kwa sentimita 5 au 6.

Ngozi ya nje ya mwanzi usiiguse, maana ndiyo iliyo ngumu kuliko sehemu zote. Noa kwa kuchonga upande wa ndani peke yake, hadi makali yakutane na ngozi. Mwanzi una mviringo wake wa asili, kwa hiyo kigumba kinakuwa na bonde dogo kwa ndani. Liache, linakiongezea uimara. Ukimaliza, kipitishe juu ya makaa mara chache hadi rangi igeuke kidogo, halafu malizia makali kwa kisu kikali. Kikikaa kwenye moto hadi kikawa cheusi, makali yanamomonyoka kama mkate mkavu.

Cha pili ni kigumba cha kurare, sumu inayotokana na mmea, nacho huitwa husu namo kwa lugha yao. Ni ufito wa mti wa jamii ya mnazi, urefu wa sentimita 30 hadi 38, unene wa penseli kwenye mkia ukichongoka hadi ncha ya sindano. Alama yake ni mikato: kila baada ya sentimita 2.5 hivi mwindaji huukata ufito kuuzunguka kwa kina kidogo, ili uvunjike ndani ya mnyama. Sababu iko juu ya mti. Nyani akichomwa na mshale wa kawaida atauchomoa kwa mkono wake. Huu akiuvuta unavunjika, bua linaanguka chini, ncha inabaki na sumu yake. Fundi wa mikato ni yule anayejua kiasi: ikizidi kina, kigumba kinavunjika kwenye jani la kwanza kinalogusa njiani, ikipungua, hakivunjiki kabisa. Robo ya unene ndiyo mahali pa kuanzia kujaribia.

Cha tatu ni cha ndege, chenye ncha ya mfupa. Unachonga kijiti kigumu cha sentimita 20, unakata ncha yake kwa mshazari, na juu ya mshazari huo unafunga kipande cha mfupa cha sentimita 5 kilichochongoka pande zote mbili. Upande mmoja wa mfupa unakuwa ncha ya mshale, upande mwingine unachomoza nyuma kama ndoana. Wao hutumia mfupa wa nyani. Mfupa wa mguu wa mbuzi unafaa kabisa. Uchemshe kidogo kuondoa mafuta, upasue kwa urefu, ukwangue kwenye jiwe lenye maji. Mfupa wenye mafuta haushiki gundi.

Kwa ndege wadogo hutumika kitu rahisi sana: kijiti chenye matawi mafupi matatu au manne yanayotokea mahali pamoja, yakakatwa na kuchongolewa.

Kuhusu kurare

Kurare ya Wayanomami hutoka kwenye mtambaa wa jenasi ya Strychnos, wanaouita mamokori. Jenasi hiyo ndiyo ya mtonga wetu, ule wa matunda magumu ya duara. Namna ya kuitayarisha haimo kwenye mwongozo huu, na kwa mshale wa mazoezi haihitajiki hata chembe.

Utendaji wake hata hivyo unaeleza kwa nini kigumba kina umbo lile. Kurare inakata mawasiliano kati ya neva na msuli. Msuli unalegea: nyani anaachia tawi, anaanguka badala ya kufa akiwa ameng'ang'ania juu mita 30, na mwisho wake ni kushindwa kupumua. Nyama yake inaliwa bila madhara, kwa kuwa sumu hiyo haipenyi vizuri kutoka tumboni kuingia kwenye damu. Hapo inatofautiana kabisa na msunguti wa mishale ya Afrika Mashariki, ambao hushambulia moyo. Tarehe 23 Januari 1942, mjini Montreal, daktari Harold Griffith na mwenzake Enid Johnson walitumia dawa iliyotokana na kurare kulegeza misuli ya mgonjwa wakati wa upasuaji, na tangu hapo dawa za namna hiyo zimekuwa sehemu ya kazi ya usingizi hospitalini. Maarifa ya wawindaji wa msituni yaliingia hospitali kwa njia hiyo, na wanastahili kutajwa kila jambo hilo linapozungumzwa.

Upinde: kupata mti

Upinde wao hutokana na miti ya jamii ya mnazi, hasa mpupunha, Bactris gasipaes, wenye shina lililojaa miiba. Wayanomami wanaupanda kwa ajili ya matunda, na kuupanda juu bila kuchomwa hutumia fremu mbili za vijiti vilivyofungwa msalaba, wakizisogeza moja baada ya nyingine.

Mti wa jamii hii hauna pete za miaka kama mninga. Umejengwa kwa nyuzi nyeusi ngumu zilizolala ndani ya nyama laini. Upande wa nje wa shina nyuzi zimesongamana, upande wa ndani zimetawanyika. Sentimita 3 au 4 za nje ndizo upinde. Zilizobaki ni kuni. Afrika Mashariki mti wa kulinganisha nao ni mvumo, uliokomaa na kuangushwa kihalali. Mnazi mzee nao una mti mgumu kwa nje, lakini nyuzi zake hukatika mapema, kwa hiyo upinde wake uwe mwepesi.

Pasua kwa kabari, usitumie msumeno. Kabari inafuata nyuzi, msumeno unazikata, na kila uzi uliokatwa mgongoni mwa upinde ni mahali ambapo kibanzi kitainuka. Toa ubao wa mita 1.9, upana sentimita 4, unene sentimita 3. Paka nta kwenye ncha mbili, laza kivulini juu ya vijiti, wiki sita hadi nane.

Kuchonga na kusawazisha

Chombo cha asili cha Wayanomami kwa kazi hii ni taya la pekari lenye meno yake, linalokwangua mti kidogo kidogo. Kipande cha kioo kilichovunjika au kisu kilichosimamishwa wima kinafanya kazi ileile. Anza kwa panga, malizia kwa kukwangua. Panga likiachiwa kazi ya mwisho litachimba mahali ambapo hakuna kurudisha.

1. Upande wa nje wa shina uwe mgongo wa upinde, yaani upande unaoelekea shabaha. Ukwangue juu juu tu hadi nyuzi nyeusi zionekane zikienda bila kukatika kutoka ncha hadi ncha.

2. Nyoosha uzi uliopakwa mkaa katikati ya ubao, uupige, upate mstari. Pima kutoka hapo kila kipimo cha upana.

3. Chonga hadi katikati kuwe na upana wa milimita 30 na unene wa 20, nusu ya kila mkono 25 kwa 17, ncha 14 kwa 12. Ukiutazama kwenye mkato wa upana, uwe na umbo la yai, bila kona.

4. Weka katikati ya upinde juu ya kigingi, funga upote mrefu uliolegea, uvute chini sentimita 10 na utazame mikono miwili inavyopinda. Unapoona ubapa, ndipo penye ugumu: kwangua hapo upande wa tumbo, yaani ule unaokuelekea, mara 20, vuta mara 20, tazama tena. Mahali panapopinda kama goti usipaguse tena, kwangua kwingine kote hadi kulingane.

5. Ongeza mvuto kwa sentimita 5 kila mara, na usiongeze kabla mikono haijalingana. Ishia sentimita 70.

Kwa vipimo hivyo utapata upinde unaovutwa kwa nguvu ya kilo 20 hadi 25. Kwa anayeanza ni mkali. Kilo 15 hadi 17 zinamfaa zaidi, na utazipata ukishusha unene wa katikati hadi milimita 18 na kwingine kwa uwiano huohuo. Milimita mbili zinaonekana kidogo, lakini nguvu ya upinde hufuata unene ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu: punguza unene kwa sehemu moja ya kumi, umepoteza zaidi ya robo ya nguvu. Upana haufanyi hivyo. Ukipunguza moja ya kumi, unapoteza moja ya kumi. Kwa hiyo ukikaribia kipimo chako, malizia kwa kupunguza upana.

Usichimbe mkato wa upote kwenye ncha. Mti huu hupasuka kufuata nyuzi ukichimbwa. Chonga ncha ichongoke, kisha chini yake sentimita 3 zongea uzi mara nyingi hadi upate bega dogo la kuzuia upote usiteleze. Pakaa gundi.

Adui mkubwa wa upinde huu ni ukavu. Kwenye msitu wa Amazoni hewa ina unyevu mwaka mzima, na hata huko upinde uliozeeka unaweza kupasuka vipande ukivutwa hadi mwisho. Kwenye hewa kavu kama ya Dodoma hatari hiyo inakuja mapema zaidi. Paka nta na mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, mara mbili kwanza, halafu kila mwezi. Vaa miwani wakati wa kusawazisha, kila mara.

Upote

Wayanomami husokota upote kwa nyuzi za gome la ndani la mti. Makabila mengine ya Amazoni hutumia majani ya mimea ya jamii ya nanasi. Katani yetu inafaa. Chukua nyuzi ndefu, zichane, zilowanishe kidogo. Sokota mafungu mawili kwenye paja kwa kiganja kwenda mbele, kisha yaachie yajisokote pamoja kwa kurudi nyuma. Ongeza nyuzi mpya kwenye fungu moja, kisha sentimita 10 baadaye kwenye lingine. Ukiongeza yote mawili mahali pamoja, hapo ndipo patakatika. Unene uwe milimita 3.5 hadi 4, urefu uzidi upinde kwa sentimita 60. Ziada hiyo izungushe kwenye mkono wa chini wa upinde kama akiba.

Jaribu upote kabla haujagusa upinde: ufunge kwenye tawi la chini na uning'inie nao mwenyewe, miguu ikiwa karibu na ardhi. Kisha paka nta, uusugue kwa kipande cha ngozi hadi upate joto na nta iingie. Kitanzi cha juu kiwe cha kudumu; chini zungusha upote mara mbili na kuupitisha chini ya wenyewe mara tatu. Upinde ukishafungwa, umbali kati ya upote na mti katikati uwe sentimita 11 hadi 13.

Kupiga

Mshale wa mita mbili hauvutwi wote. Unavuta sentimita 60 hadi 70, na zaidi ya mita moja inabaki mbele ya mkono. Ni mzito na hauendi mbali. Ulitengenezwa kwa umbali wa mita 10 hadi 25, ambao ndio msitu mnene unaruhusu kuona. Anza mita 8. Shabaha nzuri ni gogo la mgomba lililosimamishwa, au gunia lililoshindiliwa nyasi. Mshale ukipanda juu kila mara, tako liko chini mno kwenye upote. Liinue milimita 5. Ukiyumba kushoto na kulia, bua ni laini kuliko upinde: kwangua upinde au fupisha bua kwa sentimita 5 na ujaribu tena. Kamwe usiachie upote bila mshale, nguvu yote itarudi kwenye mti.

Mazoezi yabaki kwenye shabaha. Kenya imepiga marufuku uwindaji tangu 1977, na Tanzania kuwinda bila leseni ni kosa. Kwa Wayanomami wenyewe uwindaji una adabu zake: mwindaji hali nyama ya mnyama aliyemuua yeye, huigawa kwa wengine, naye hula ya wenzake.

Podo

Kata mwanzi wenye kipenyo cha sentimita 7 hivi, sentimita 40, ukiacha kifundo kiwe kitako. Kifuniko chao ni ngozi ya jagwa, paka mkubwa wa msituni ambaye biashara yake ya kimataifa imekatazwa. Ngozi ya mbuzi iliyolowanishwa, ikavutwa juu ya mdomo na kufungwa hadi ikauke, inashika umbo vizuri. Ndani weka vigumba vipana viwili, vyembamba sita vilivyofungwa kwa jani ili visigongane, kibonge cha gundi, na uzi wa pamba mita tano. Patasi ndogo ya kurekebishia tako ifungwe kwa nje. Kwenye mvua kifuniko kitazame chini kidogo wakati wa kutembea, na jioni vigumba vyote vitolewe vikauke mbali na moto.